Chiriku Asoma, Chiriku Aelewa

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, nyumba ya fundi rangi ilijaa sauti moja. Ilikuwa sauti ya binti yake akisoma.

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Nyumbani aliitwa Chiriku. Alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo mdomo wake haukupumzika. Sasa alikuwa darasa la pili, na kusoma kwake kulikuwa kama maji. Alisoma vitabu vya shule. Alisoma mifuko ya unga. Alisoma matangazo ya barabarani huku mama yake akimvuta mkono wapite.

Baba yake alirudi kutoka kazini akiwa na madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi. Alinawa, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, akanyoosha miguu.

"Haya, redio yangu," alisema. "Fungua."

Chiriku akafungua kitabu, na maneno yakamiminika. Hakukwama. Hakupumua. Hakutazama picha. Akifika mwisho wa ukurasa alilamba kidole, akafunua mwingine.

"Mnamsikia?" baba alisema. "Huyu atasoma habari kwenye televisheni."

Bibi, mama yake baba, alipiga makofi. Bibi hakujua kusoma, wala hakuona haya kulisema. "Mimi herufi zilipita mbali na kwetu," alizoea kusema. "Lakini masikio yangu yamefika chuo kikuu."

Mama hakupiga makofi, kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye cherehani. Alishona nguo za majirani hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha. Lakini naye alitabasamu, pini zikiwa mdomoni.

Siku moja shule iliita wazazi. Mama alikwenda. Aliporudi, alikaa bila hata kuvua viatu.

"Mwalimu wa darasa anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema Chiriku anasoma kwa sauti nzuri kuliko wote."

"Nilijua!"

"Ngoja, sijamaliza. Anasema anasoma, lakini haelewi anachosoma. Walipewa hadithi fupi yenye maswali. Hakujibu hata moja. Mwalimu anaogopa darasa la tatu litamshinda. Huko kila somo lina kusoma na kuelewa. Hata hesabu."

Baba alisimama. "Haiwezekani. Mtu asome namna ile, halafu asielewe? Huyo ni mvivu tu. Au mkaidi. Chiriku! Njoo hapa na kitabu chako."

Chiriku alikuja. Akasoma ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja.

"Sawa," baba alisema. "Hadithi inahusu nini?"

"Inahusu... watu."

"Watu gani?"

Chiriku aliutazama ukurasa kama mtu aliyepoteza ufunguo kwenye majani. "Watu wa kwenye kitabu."

"Soma tena. Kwa sauti zaidi. Mpaka iingie!"

Akasoma tena. Haikuingia. Akasoma tena na tena, mpaka sauti ikakauka. Kila baba alipouliza swali, Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu.

Ikawa hivyo kila jioni. Baba alidhani anamsaidia. Ndivyo alivyofundishwa yeye mwenyewe: rudia, rudia, rudia.

Lakini mambo yalianza kwenda kombo. Kwanza Chiriku alisema tumbo linamuuma. Lilimuuma jioni tu, chakula kikishaliwa. Kisha kitabu kikapotea. Mama alikikuta ndani ya mfuko wa vipande vya vitambaa, chini kabisa. Mwisho, jioni moja, baba alisema "fungua," na Chiriku akatikisa kichwa.

"Sitaki kusoma tena," alisema polepole. "Sitaki kabisa."

Cherehani ilisimama.

"Ukaidi huo!" baba alisema. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mtoto alipokwenda kulala, mama alimgeukia mumewe. "Baba Chiriku, huyu mtoto alikuwa anasoma mpaka mifuko ya unga. Leo anaficha vitabu. Tunampoteza."

Baba alikwangua doa la rangi kwenye ukucha wake. Doa halikutoka.

Siku chache baadaye, jirani yao alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini katika shule nyingine. Watu walimwita Mwalimu Miwani, kwa sababu kila siku alitafuta miwani yake, na kila siku ilikuwa kichwani.

"Mama Chiriku," alisema, akijitazama kwenye kioo, "gauni limenikaa vizuri mno. Lakini samahani, niulize. Mbona siku hizi simsikii mtoto akisoma? Ukuta wetu ni mwembamba. Nilikuwa namsikia kila jioni."

Mama alimweleza yote. Baba, aliyekuwa akiosha brashi zake mlangoni, alidakia.

"Mwalimu, mimi sielewi. Mtoto anajua kusoma. Kwa nini hajui alichosoma?"

Mwalimu Miwani alifikiri kidogo. "Baba Chiriku, nikupe mtihani?"

"Mimi? Nipe."

"Sikiliza vizuri. 'Mdodwe alilizwepa zembo lake kwenye kitefu.' Haya. Nani alilizwepa zembo?"

Baba alikunja uso. "Mdodwe."

"Safi. Zembo lilikuwa la nani?"

"La Mdodwe mwenyewe."

"Alilizwepa wapi?"

"Kwenye kitefu."

"Umepata zote! Sasa niambie, zembo ni nini?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Bibi alianza kucheka, mabega yakitikisika.

"Na kuzwepa je?" Mwalimu aliendelea. "Ni kula, au kuvunja?"

"Aa, Mwalimu! Hayo si maneno. Umeyatunga tu!"

"Nimeyatunga, ndiyo. Lakini umeyatamka vizuri, na maswali umejibu. Ila kichwani hukuona chochote. Hakuna Mdodwe, hakuna zembo. Chiriku naye yuko hivyo. Macho yanaona herufi, mdomo unatamka, kichwani hakuna picha. Hata akisoma mara mia, picha haitakuja kwa kurudia tu."

"Kwa hiyo si mkaidi?" mama aliuliza.

"Hapana. Amejifunza nusu ya kusoma. Nusu hiyo anaijua sana, mpaka watu wanampigia makofi. Nusu nyingine hakuna aliyemwonyesha."

Baba alitazama brashi mkononi. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye kiatu chake. "Basi tuonyeshe," alisema. "Wewe ndiye fundi wa kazi hiyo."

Jioni Mwalimu Miwani alirudi na kitabu chembamba chenye picha kubwa. Aliomba mkeka. Alikaa chini, akamwita Chiriku akae karibu yake. Chiriku alikaa, lakini mkono wake ulikuwa tumboni.

"Leo hunisomei," Mwalimu alimwambia. "Leo tunapiga stori tu. Tazama hii picha ya mbele. Unaona nini?"

Chiriku alishangaa. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. "Kuku," alisema.

"Yuko wapi?"

"Juu ya paa la banda. Ni jioni. Jua linazama."

"Kuku hulala wapi?"

"Ndani ya banda." Chiriku alisogea karibu. "Mbona huyu yuko juu?"

"Sijui. Wewe unadhani kwa nini?"

"Labda ndani kuna joto. Au amegombana na wenzake."

"Inawezekana. Tusome tuone."

Chiriku alisoma ukurasa wa kwanza. Alianza kukimbia, kama kawaida yake. Mwalimu aliweka kiganja juu ya kitabu, taratibu.

"Hapo simama kidogo. Fumba macho. Unamwona kuku?"

"Ndiyo. Mweupe. Ana shingo nyekundu."

"Anafanya nini?"

"Mwenye kuku anamsukuma aingie bandani, yeye anakimbia."

"Kitabu kinasema 'anachurupuka.' Kuchurupuka ni nini?"

Bibi alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Ndivyo ulivyofanya wewe jana nilipotaka kukuogesha!"

Chiriku alicheka. "Kutoka mbio! Kuteleza mikononi!"

"Ndiyo hiyo. Neno usilolijua, usiliruke. Uliza. Au tazama maneno ya jirani yake, mara nyingi yatakusaidia."

Waliendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Kila jioni yule kuku alikataa kuingia bandani. Mwenye kuku alikasirika. Alimwita kuku mjinga. Alimwita mkaidi. Kisha mayai yakaanza kupotea, na mwenye kuku akazidi kufoka. "Hutagi, na bandani hulali! Una faida gani?"

Hapo Mwalimu aliwasimamisha. "Mnadhani mayai yanakwenda wapi?"

"Yanaibwa," mama alisema kutoka kwenye cherehani.

"Kuku amechoka kutaga," baba alisema. Alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini alishindwa.

Chiriku alirudisha kurasa nyuma. Akatazama picha moja, akatazama nyingine. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya picha.

"Hiki ni nini?"

Baba aliinama juu ya kitabu. "Kamba. Ya kufungia mlango wa banda."

"Hapana, baba. Hapa kamba iko upande wa mlango. Kwenye picha hii iko upande wa pili, karibu na tundu." Chiriku aliinua uso. Macho yake yalikuwa makubwa. "Kamba haitembei!"

Baba alitwaa kitabu, akakisogeza kwenye taa. Alitazama kwa muda mrefu. "Loo," alisema. "Ni mkia."

"Ni nyoka!" Chiriku alipiga kelele. "Nyoka yuko ndani ya banda! Ndiye anakula mayai! Kuku anajua, mwenye kuku hajui!"

"Je, kitabu kimesema kuna nyoka?" Mwalimu aliuliza.

"Bado hakijasema."

"Umejuaje?"

"Kamba imetembea. Mayai yamepotea. Na kuku anaogopa ndani, haogopi nje." Chiriku alihesabu kwa vidole. "Nimeunganisha."

"Umesikia, Baba Chiriku?" Mwalimu alisema. "Hakuna mstari uliosema hivyo. Ameona hiki, amesoma kile, akaunganisha. Huko ndiko kuelewa."

Chiriku alifunua ukurasa wa mwisho mwenyewe. Kweli, mwenye kuku alipoingiza fimbo bandani, nyoka alitoka. Chiriku aliruka juu ya mkeka kama aliyefunga goli.

"Swali moja la mwisho," Mwalimu alisema. "Hili halina jibu moja. Je, mwenye kuku alikosea wapi?"

Chiriku alifikiri. "Hakumwuliza kuku."

"Sasa kuku angejibu nini, mjukuu wangu?" bibi alisema. "Kuku ana kinywa cha kusema?"

"Alikuwa anajibu, bibi. Kila jioni alikimbia. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Mwenye kuku alifoka tu."

Bibi alimtazama mwanawe. Mama alishusha macho kwenye kitambaa. Baba alijikuna shingo.

"Chiriku," alisema baadaye. "Lile tumbo lako. Lilikuwa linauma kweli?"

"Lilikuwa linauma nikiona kitabu."

"Na leo?"

Chiriku alijigusa. Alikuwa amelisahau. "Leo halijauma."

"Nilikuita mkaidi," baba alisema. "Nilikosea, mama." Alipomwita binti yake "mama", Chiriku alijua kwamba yamekwisha.

Kabla ya kuondoka, Mwalimu Miwani alikaa kidogo na wazazi mlangoni.

"Mmeona nilivyofanya. Si uchawi. Kabla ya kusoma, tazameni picha, mwacheni abashiri. Katikati simameni, muulizane kumetokea nini na kwa nini. Akijibu, mwulizeni amejuaje. Akimaliza, awahadithie kwa maneno yake mwenyewe. Na akikosea, msimcheke. Anayebashiri na kukosea anafikiri. Anayenyamaza kwa woga hafikiri kitu."

"Mimi sijui herufi," bibi alisema. "Basi mimi nibaki kusinzia tu?"

"Bibi, wewe ndiye mwalimu mkuu! Asiyejua hadithi ndiye anayeuliza vizuri. Wewe uliza tu, 'Halafu?' na 'Kwa nini?'"

"Hizo ninazo za kutosha," bibi alisema.

Mwalimu alianza kupapasa kwenye mkeka, kisha mfukoni.

"Kichwani," familia nzima ilimwambia.

Siku zilizofuata hazikuwa laini zote. Baba alikuwa na bidii kupita kiasi. Alimsimamisha Chiriku kila mstari. "Nani huyo? Yuko wapi? Kwa nini amevaa kofia? Kofia ya rangi gani?"

"Baba," Chiriku alisema siku ya pili, "umekuwa polisi. Hadithi inapoa."

Mama alicheka mpaka uzi ukakatika. Tangu siku hiyo baba alijifunza kusubiri. Aliacha hadithi itembee, akauliza pale penye jambo tu. Wakati mwingine hakuuliza kabisa. Alisema, "Mimi hapa nadhani sungura anadanganya," kisha akangoja Chiriku ambishie. Chiriku alipenda sana kumbishia.

Mama aligundua njia yake. Alikuwa hawezi kutazama kitabu huku akishona. Hivyo alimwambia Chiriku, "Nihadithie nami niione." Chiriku alipochanganya mambo, mama alisema, "Hapo sijaelewa, alifikaje mtoni?" Chiriku alirudi kwenye kitabu mbio kutafuta.

Lakini aliyewashinda wote alikuwa bibi. "Halafu?" aliuliza. "Kwa nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Aa, mimi nisingekubali!" Aligombana na watu wa vitabuni kama majirani zake. Jioni moja alinuna kabisa kwa sababu mfalme wa hadithi hakuomba msamaha. Chiriku alimbembeleza kwa kumtungia mwisho mwingine.

Jambo moja lilimtia baba wasiwasi. Chiriku alikuwa anasoma polepole kuliko zamani. Alisimama katikati ya sentensi. Alirudi nyuma. Baba alimfuata Mwalimu Miwani uani.

"Mwalimu, mbona mtoto amepunguza mwendo? Zamani alikuwa anatiririka."

"Wewe ukipaka ukuta, Baba Chiriku, unakimbia?"

"Nikikimbia nitaacha mabaka."

"Basi mwache apake vizuri. Mwendo utarudi wenyewe."

Na ulirudi. Muhula ulipokwisha, mama alikwenda tena shuleni. Safari hii alirudi akiongea tangu getini. Chiriku alikuwa amejibu maswali yote ya hadithi isipokuwa moja. Na kwa hilo moja alikuwa ameandika: "Hadithi haikusema. Lakini nadhani alikuwa na njaa, kwa sababu alitazama sufuria."

"Mwalimu wa darasa anasema hilo ndilo jibu alilolipenda kuliko yote," mama alisema. "Anasema anapanda darasa la tatu bila wasiwasi."

Baba alipiga makofi. Bibi alipiga vigelegele.

Likizo ilipoanza, baba aliamua kukipaka rangi chumba cha bibi. Bibi alichagua kijani cha majani machanga. Kitanda kikatolewa, magazeti yakatandikwa sakafuni. Chiriku aliruhusiwa kusaidia. Kazi yake ilikuwa kushika brashi ndogo na kutokanyaga kopo.

Baba alipokuwa akifungua kifuniko, Chiriku alichuchumaa akasoma maneno ya kwenye kopo.

"'Koroga vizuri kabla ya kutumia. Ukuta uwe safi na mkavu. Rangi haitashika kwenye ukuta wenye unyevu.'" Akasimama. "Baba, kwa nini haishiki?"

"Maji yanataka kutoka. Yanasukuma rangi, inafanya malengelenge, halafu inabanduka."

Chiriku alifikiri. Kisha akaanza kuzunguka chumba, akipapasa kuta kwa kiganja. Kwenye kona alisimama.

"Baba, weka mkono hapa."

"Ukuta huo nimeukagua asubuhi."

"Umekagua juu. Wewe ni mrefu."

Baba alicheka, akainama. Alipogusa chini ya ukuta, kicheko kiliisha. Palikuwa na ubaridi. Palikuwa na unyevu.

"Labda ni mvua," alisema.

"Si mvua," Chiriku alisema. "Mvua ingeanzia juu. Juu ni pakavu, chini ndiko kumelowa. Na nyuma ya ukuta huu kuna bafu." Akaunganisha. "Bomba linavuja, baba."

Baba alitoka, akaenda bafuni. Alipiga magoti nyuma ya ndoo, akatia mkono penye kona. Aliporudi, mkono wake ulikuwa unadondoka maji. Alichukua kifuniko cha kopo, akakigongomea mahali pake.

"Leo hatupaki," alitangaza. "Kwanza aje fundi bomba. Ukuta ukauke. Ningepaka leo, kazi yote ingekuwa bure."

Bibi alikuwa mlangoni, ameshikilia mto wake. "Kwa hiyo mimi leo nalala wapi?"

"Kwangu, bibi!" Chiriku alisema.

Bibi aliutazama ukuta. Akalitazama lile kopo. Akamtazama mjukuu wake. Kisha akaweka mto chini, akakaa juu yake, hapo hapo kwenye magazeti.

"Haya," alisema. "Hayo maneno ya kwenye kopo, nisomee tena. Polepole. Na unionyeshe kila moja liko wapi, nami nataka kuyajua."

Chiriku alilisogeza kopo katikati yao. Akashika kidole cha bibi, akakiweka chini ya neno la kwanza.